Begi mgongoni, mgongo wa nani?

Wapenda safari za begi mgongoni wana raha zao. Wakitoka Machu Picchu, kule Peru, kilomita 43 kwa miguu, siku nne njiani, utawasikia: "Tulijibebea kila kitu!" Kila kitu, yaani chupa ya maji, simu na krimu ya jua. Mahema, mtungi wa gesi, viti vya kukunja na sufuria ya supu vilishatangulia na mpagazi Mkechua, aliyewapita mbio kwenye ngazi za mawe, miguuni katambuga, ili wakifika wakute chai tayari.

Sifa kwenda kwa mgeni ni jadi ya pale. Mwaka 1911 Mmarekani Hiram Bingham "aligundua" magofu ya Machu Picchu akiongozwa na mtoto wa wenyeji, akakuta wakulima wanalima kwenye matuta ya Wainka. Masikini, walikuwa bado hawajajigundua.

Kisha wasafiri wetu "hushuka" mjini Cusco kula maisha. Magofu yako kwenye mwinuko wa mita 2,430 hivi, Cusco, 3,400. Ngazi chache za baa, pumzi juujuu, wanaitisha chai ya koka.

Ukienda, ndugu yangu, bahashishi ya mpagazi mpe mkononi. Picha utapiga baadaye.