Anwani Zilizopanda Basi

Kwenye ukoo wetu, aliyewahi kuonekana na laptopu ni fundi. Atatengeneza king'amuzi, atafungua simu iliyojifunga, ataulizwa kwa nini taa ya friji inapepesa. Mimi nilisomea uhasibu. Nimelieleza hilo kwenye misiba na harusi, wananisikiliza kwa adabu zote, kisha wananiletea redio.

Kwa hiyo Mama mdogo alipoweka Wi-Fi ya bure kwenye mgahawa wake wa Msamvu, karibu na stendi ya mabasi, hakuniomba niisimamie. Alinipigia tu: "Mwanangu, kile kidude chako kimelala tena." Kidude alikinunua yeye, bango la ukutani alilichoresha yeye, ila kikilala ni changu.

Nilikikuta juu ya friji, kimefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya njano. Kwa Mama mdogo, chombo cha umeme kinachokaa mbele ya wageni hakiachwi uchi. Ilikuwa Februari, na anayeijua Morogoro ya Februari anajua lile joto la mchana linalokaa bondeni bila upepo. Rauta ilikuwa ya moto kiasi cha kumfanya mtu aondoe mkono haraka. Nikakivua kitambaa, nikaeleza habari ya matundu ya hewa, wote wakaitikia kwa kichwa. Kesho yake nikakikuta kitambaa kimerudi mahali pake, kimefuliwa na kupigwa pasi.

Kulikuwa pia na neno la siri. Alilitunga mwenyewe: ng'ombe, na mwaka aliofungua mgahawa. Hebu fikiria abiria ana dakika ishirini kabla basi halijaondoka kwenda Iringa, anamuuliza mhudumu, naye anajibu akiwa ameshika sahani tatu za wali.

"Ng'ombe."

"Herufi kubwa au ndogo?"

"Ng'ombe wa kawaida, kaka."

Wengine waliweka kile kialama cha juu, wengine hawakukiweka, na mmoja aliandika "gombe" akasema mgahawa una watu wasiojua Kiswahili. Neno nililibadilisha siku hiyohiyo. Lakini huo ulikuwa usumbufu tu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mwingine, nao ulikuwa na ratiba.

Saa kumi na mbili asubuhi Wi-Fi ilikimbia vizuri. Ikifika saa nne au tano, anayeingia na simu yake aliliona jina la mgahawa, neno la siri likakubaliwa, halafu simu ikakaa inatafuta anwani mpaka chai ikapoa. Wakati huohuo jirani yake wa meza moja, aliyefika tangu asubuhi, anacheka na video zake bila shida yoyote. Hapo ndipo heshima ya nyumba inapopotea, maana mgeni anaamini anabaguliwa.

Nadharia hazikukosekana. Mteja mmoja aliunyooshea kidole mlima. Ukiwa Msamvu, safu ya Uluguru imesimama mbele yako, ukungu umekaa juu yake hata siku ya jua, na ni rahisi sana kuitwisha lawama. Kwa bahati mbaya yake, mjomba alikuwepo, ameshuka kutoka Mgeta na karoti zake za kupeleka sokoni. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba akizungumza hata baba mzazi huanza kutafuta kofia yake. "Pale Bondwa juu kuna minara," alisema taratibu. "Mlima umebeba redio na televisheni zenu mgongoni, mvua yao, jua lao. Leo umekuwa mchawi wa simu?" Mteja aliomba bili. Sikuona haja ya kuongeza kwamba intaneti ya mgahawa ilikuja kwa waya kutoka kwenye nguzo ya barabarani, na mlima usingeweza kuizuia hata ungetaka.

Wengine walisema ni bahari. Hao walikuwa na kumbukumbu nzuri. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoyumba kwa siku kadhaa. Mji wetu unaitwa mji kasoro bahari. Kila kitu kipo, bahari tu ndiyo hatukupewa. Na bado bahari hiyohiyo tuliyonyimwa ilitukatia mtandao mpaka Msamvu. Nakiri kwamba iliniuma kidogo. Lakini bahari haina tabia ya kuharibika saa nne asubuhi na kupona alfajiri.

Jiko la maikrowevu lilikuwa na hatia, ila ndogo. Majiko hayo hutumia mawimbi ya karibu gigahezi 2.4, na rauta nyingi za bei nafuu huzungumza hapohapo. Mwanafunzi aliyependa kukaa pembeni ya mlango wa jikoni alikuwa amegundua kwamba filamu yake ikiganda, pilau ya mtu inapashwa. Alikuwa anahesabu foleni ya chakula kwa njia hiyo. Tukaisogeza rauta upande wa kaunta, yeye akapoteza kipaji chake.

Kilichonichanganya ni umeme. Kwa kawaida umeme ukikatika kila kitu kinaharibika. Hapa ulikuwa dawa. Umeme ukienda na kurudi, Wi-Fi inafufuka na kupokea kila mgeni kwa ukarimu, kisha baada ya saa chache inarudia ukaidi wake. Mama mdogo alishafikia hatua ya kuombea umeme ukatike, jambo ambalo sidhani kama limewahi kutokea katika mkoa wetu. Umeme usipokatika, binti wa kaunta aliichomoa rauta na kuirudisha, na kwa kuwa soketi ilikuwa moja, katikati ya kuchomoa na kurudisha alichaji simu yake.

Jioni moja nilifungua ukurasa wa mipangilio ya rauta nikatazama orodha ya vifaa vilivyopewa nafasi. Mistari hamsini, imejaa mpaka chini. Nikainua kichwa. Mgahawani walikuwa watu tisa, mmoja wao mtoto aliyeshughulika na andazi. Nikarudi kwenye orodha: TECNO, Infinix, Galaxy, TECNO tena, na moja iliyoitwa iPhone ya Mchungaji. "Mchungaji yuko wapi?" niliuliza. Binti wa kaunta akasema alikula supu asubuhi, akapanda basi la Mbeya.

Hapo uhasibu wangu ukapata kazi. Kila simu inayojiunga hupewa na rauta namba yake ya kutumia, ndiyo ile anwani, kwa muda maalumu. Rauta yetu ilitoka dukani na namba hamsini tu za kugawa, na kila namba ilitolewa kwa saa 24. Nyumbani kwa mtu hamsini ni nyingi mno. Kando ya stendi zinaisha kabla ya mchana, kwa sababu abiria anakunywa chai kwa robo saa, honi inapigwa, anakimbia na namba yake. Mchungaji anapita Mikumi anatazama twiga, namba ya Msamvu bado imeandikwa kwa jina lake mpaka kesho. Na umeme ukikatika, rauta ile ilisahau wote iliowakopesha ikaanza daftari jipya, ndiyo maana ilipona.

Nilimweleza Mama mdogo kwa lugha ya kreti za soda: chupa zipo hamsini, wateja wanaondoka nazo ndani ya basi, wewe unabaki na kreti tupu na watu wenye kiu. Alielewa papo hapo, akakasirika. "Kumbe wameondoka na chupa zangu mpaka Mbeya!" Akataka kujua kama tunaweza kuwatoza dhamana.

Nikaongeza namba zikafika mia mbili, nikapunguza muda ukawa saa moja. Tangu hapo ratiba ya ugonjwa imekwisha. Habari zikafika vyuoni, na sasa wanafunzi wanakuja asubuhi na laptopu, wanaagiza chai moja, wanaandika tasnifu mpaka taa za barabarani zinawaka. Abiria wanasimama na supu mkononi.

Mama mdogo akaniita kaunta, akapunguza sauti.

"Hiyo saa moja uliyoweka. Ikiisha, wanatolewa?"

Nikamwambia hapana. Simu ikiwa bado ipo, inaomba kuongezewa hata kabla saa haijaisha, na rauta inakubali.

"Hata kama mwenyewe hajaagiza kitu?"

"Rauta haijui nani ameagiza, Mama."

"Basi mwanangu," akasema, akikinyoosha kile kitambaa cha maua juu ya rauta, "bado hujaitengeneza."