Baba Nani, Mama Nani, Mkalimani Mimi

Ukiwa na duka Kikuubo, hapa Kampala, siri huna. Kichochoro ni chembamba, maduka pande zote mbili, na mchukuzi akipita na gunia la sukari mgongoni wote mnajibana ukutani. Mkishajibana, mnaongea. Kwa hiyo jirani yangu muuza sabuni alipopigiwa simu kutoka Nairobi kwamba mapacha wake wamezaliwa, mtaa ulikwisha kujua kabla hajakata simu. Jina lake la zamani likafa hapohapo. Kwa Waganda baba wa mapacha ni Ssalongo, mama yao ni Nnalongo, na watoto hawasumbui mtu kwa majina: wa kiume ni Wasswa na Kato, wa kike Babirye na Nakato, anayetangulia na anayefuata. Wa kwetu walikuja mchanganyiko, Wasswa na Nakato.

Hasara yangu ikaanzia hapo. Pacha hapewi kitu mwenzake asipate. Ukileta blanketi, yawe mawili. Ukitoa elfu ishirini, watu wanakutazama tu mpaka zitimie arobaini. Mimi nauza madaftari na kalamu, na hajatokea mteja akanilipa mara mbili kwa heshima ya mila.

Sasa wamezaliwaje Nairobi, wakati mama yao tulikuwa naye hapa juzijuzi akihesabu katoni, tumbo bapa? Mtaa ulikuwa na majibu saba kabla hata swali halijaulizwa. Ukweli wenyewe ni mfupi: wametafuta mtoto miaka mingi, yai ni la mke, mbegu ni ya mume, mimba ikabebwa na mwanamke mwingine huko Kenya. Sioni cha kushikia mdomo. Mtoto wa kwanza wa maabara nchini Uganda alizaliwa hapahapa Kampala mwaka 2004, na Novemba 2023 mama wa miaka 70 alijifungua mapacha katika hospitali ya mjini humu, wa kike na wa kiume, kamera za dunia zikajaa wodini. Mama huyo aliwaambia waandishi kwamba mwenzi wake hakutia mguu hospitalini. Jirani yangu ni kinyume chake. Yeye alitaka kuruka usiku uleule, na akanishika mkono wa shati.

"Mwalimu, twende. Wewe una Kiswahili."

Mimi si mwalimu. Lakini Kampala, mtu anayejua kusema "tafadhali" kwa Kiswahili anahesabiwa msomi. Baraza la Mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, likasema kifundishwe kwa lazima mashuleni. Jirani yangu anajua "ngapi", "punguza" na "hapana". Siku kadhaa baadaye nikapanda basi la usiku, magoti yakiwa kidevuni, katikati yake na kaka yake mkubwa. Kaka mtu hakualikwa. Alijileta, kwa hoja kwamba kwa Waganda ndugu wa baba naye ni baba, na baba hawezi kuwaona wanawe kwenye picha ya simu.

Hospitalini Nairobi, mapokezi, dada mmoja mwenye haraka akauliza: "Baba wa watoto ni nani?"

"Mimi," wakajibu wote wawili. Hilo nalo walilielewa bila mkalimani.

"Wote?"

"Wote."

"Na wewe mzee?"

"Mkalimani."

Dada akaweka kalamu chini. Kaka mtu, kwa wema wake, akaongeza kwa Kiganda kwamba nyumbani wamebaki baba wengine. Sikutafsiri.

Watoto wenyewe, kusema kweli, walikuwa wadogo kuliko kelele zilizotangulia. Wasswa alikuwa amekunja uso kama mwenye duka aliyeletewa makadirio ya kodi. Nakato amelala, hana habari na mtu. Muuguzi akamwinua Wasswa ampe baba yake, na Ssalongo, mtu anayerusha katoni za sabuni kutoka kwenye lori mchana kutwa, akaficha mikono nyuma. Hapokei. Muuguzi akanigeukia mimi, kana kwamba nilikuwa na maelekezo ya matumizi.

"Anasema akimshika mmoja kwanza, mwenzake atanuna," nikamwambia.

"Mzee, huyu ana siku tisa."

Nnalongo, aliyetangulia kufika na sasa amevaa kandambili za hospitali utadhani ni zake tangu zamani, akamsukuma mumewe kitini: "Taata, kaa. Utapewa wote." Akakaa. Akapewa wote kwa pamoja, kila mkono na wake, halafu akaanza kutoka jasho. Jasho likashuka puani, hana mkono wa kulifuta, hathubutu kupumua. Nikamfuta kwa leso yangu. Leso hiyo sijarudishiwa.

Kisha akaingia yule mama aliyewabeba, ametulia, amejifunga kanga, anawaulizia watoto kama wamenyonya. Kaka mtu akashtuka. Alikuja na gomesi moja, lile vazi la heshima la Kiganda, zawadi ya Nnalongo, na mbele yake wamesimama wanawake wawili. Kwa mapacha, vitu ni viwili viwili! Nnalongo hakungoja mkutano wa ukoo. Akaichukua ile gomesi na mkanda wake, akamkabidhi mwenzake kwa mikono miwili, akapiga magoti. Sikuwa na la kutafsiri. Kazi yangu ilikuja baadaye: nilitumwa Eastleigh kutafuta gomesi nyingine, kwa miguu, juani. Nikarudi na dera.

Wakati huo bibi wa watoto anapiga simu kutoka Masaka: msisahau vitovu. Nnalongo alikwisha kuvihifadhi kwa pamba, kila kimoja na kasha lake la kiberiti. Kwa Waganda wa zamani kitovu kilichokauka ndicho kilichokuwa maabara. Mmisionari John Roscoe aliliandika hilo mwaka 1911: kinatiwa katika chombo chenye maji, maziwa na pombe, kikielea, mtoto ni wa ukoo, kikizama, mama ana maswali ya kujibu. Mwaka 2023 wanaume wa Uganda waliposhikwa na homa ya DNA, wengi walilipa fedha nyingi kwa jibu ambalo bibi analitoa kwenye bakuli. Kaka mtu akataka kujua, kitovu kikielea, kinaelea kwa jina la mama yupi? Nikamwambia aulize Masaka.

Swali hilohilo kwa karatasi halichekeshi. Desturi ya cheti cha kuzaliwa ni kumwandika mama yule aliyejifungua. Nairobi walishazaliwa mapacha wengine wa kubebewa, maofisa wa watoto wakaja wakawachukua wachanga na kuwapeleka makao ya watoto, wazazi wao wapo hai wanatazama. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya ikasema haki za watu wale zilivunjwa. Wakili wa jirani yangu aliikariri kesi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa malipo ya kila saa.

Mimi nilisoma katiba kwenye simu, nijue watoto hawa ni raia wa wapi, maana nilikuwa sina kazi nyingine. Ibara ya 11 ya Uganda inasema mtoto asiyezidi miaka mitano akiokotwa nchini na wazazi wake hawajulikani, huyo ni raia wa kuzaliwa. Ibara ya 14 ya Kenya inafika karibu miaka minane. Yaani Ssalongo angewatupa wanawe getini akatoroka, wangepata nchi kabla ya chai ya saa nne. Kosa la Wasswa na Nakato ni kuwa na wazazi wanaojulikana, tena watatu, na mmoja analia ovyo ukumbini huku amevaa suti.

Waheshimiwa wabunge, miswada ya uzazi wa namna hii imekwisha kuandikwa. Sarah Opendi wa Tororo alibeba wake bungeni Kampala, Millie Odhiambo amepigania wake bungeni Nairobi miaka nenda miaka rudi. Andikeni waziwazi nani ni mama, nani ni baba, na aliyebeba ana haki gani, ili mtoto akizaliwa upande mmoja wa mpaka wa Busia asigeuke mzigo usio na stakabadhi upande wa pili. Mkimaliza, itafsirini sheria hiyo kwa Kiswahili wenyewe. Mimi basi la usiku sipandi tena.