Kulala Chini kwa Kulipia

Marehemu baba alihangaika miaka mingi mpaka akatutoa kwenye mkeka, akatulaza kitandani. Leo mimi mwanawe natoa pesa mfukoni ili nikalale chini. Eti ni kambi. Eti watoto waone nyota.

Mama alipopata habari alipiga simu kutoka kijijini. “Mwanangu, mwenye nyumba amewatoa?”

Homa hii ya mahema imewashika watu wa Nairobi, na Naivasha ndiko wanakomiminika kwa kuwa ni mwendo wa kilomita 90 hivi. Hizo ni kilomita za mtu asiye na watoto. Ukiwa na wa miezi minane na kaka yake wa miaka mitatu, gari husimama kwenye kila kichaka. Na mzigo je? Beseni, sufuria ya uji, themosi, nepi za kutosha kijiji kizima, na godoro la upepo lililouzwa bila pampu. Nililipuliza kwa mdomo hadi masikio yakaziba. Mkubwa akalirukia mara moja tu, pumzi zangu zote zikatoka kwa mlio uliowafanya majirani wanigeukie mimi.

Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku baridi haina mchezo. Nepi inabadilishwa tochi ikiwa mdomoni, umepiga magoti, hema limekukalia kichwani. Hapo ndipo wa miaka mitatu anakumbuka: “Baba, mkojo!” Huko nje, askari wa kambi ameshatueleza bila kupepesa jicho, viboko hutoka Ziwa Naivasha usiku kuja kula nyasi, lakini tusiwe na wasiwasi, uzio wa umeme upo. Basi mtoto akilia saa nane za usiku unambembeleza kwa kunong’ona: upande huu majirani wa mahema, upande ule jirani wa tani moja na nusu.

Asubuhi tukaenda Hell’s Gate, mbuga ambamo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu palipo na pundamilia na twiga. Mwanangu aliinama kuchunguza sisimizi, kisha akadai turudi akafungue na kufunga zipu ya hema. Nyota hakuziona, alilala mapema, akaamka kukiwa na mawingu.

Wazazi wenzangu, kama mtoto bado yuko kwenye nepi, pigeni hema sebuleni. Zipu ni ile ile, choo kiko karibu, na kiboko hapajui kwenu.