Farasi 500, Kwato Hakuna

Heko kwako, mwenye Dodge Ram SRT-10. Wenzako huko Marekani walinunua pikapu za kubebea mbao na saruji. Wewe, kwa akili zako timamu, ukachukua ile iliyopachikwa injini ya gari la michezo la Viper: silinda 10, lita 8.3, nguvu za farasi 500. Mwaka 2004 gari hilo liliweka rekodi ya kasi ya pikapu za kiwandani, karibu kilomita 249 kwa saa. Mbao zingefika mapema kweli, kama kuna aliyezipakia.

Sasa matairi yamebaki vipara, na saizi yake ni 305/40R22. Haya, izungukie miji na maduka yake yote ukiyatafuta mapya. Hatimaye atatokea msamaria mwenye matairi "mapya kabisa", yamelala stoo, hayajagusa lami. Kabla hujatoa dola zako, inama kidogo, bwana mkubwa, uyatazame ubavuni, pale mwisho wa namba inayoanza na herufi DOT. Utakuta tarakimu nne, tuseme 2311. Hiyo si bei. Ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Mpira huzeeka hata ukiwa usingizini, na mpira uliokakamaa haushiki barabara, uwe umetembea au haujatembea.

Afadhali utafute rimu za saizi ambayo matairi yake mapya yanapatikana, mradi zisiguse breki na matairi yahimili uzito na mwendo wa gari. Hutaki? Basi liegeshe. Likiwa limesimama, halihitaji matairi ya mwendokasi.