Achia Handbreki, Mama!

Handbreki ya zamani ikisumbua, unajua umgombeze nani. Kuna mkono wa chuma katikati ya viti, na kutoka hapo kuna waya wa chuma unaokwenda mpaka magurudumu ya nyuma. Ukilegea, fundi anaingia uvunguni, anakaza nati, anatoka na vumbi kichwani, anadai hela ya soda. Habari imeisha. Handbreki ya umeme haina cha kukaza. Ni kitufe tu chenye herufi P ndani ya duara, na mbele ya kitufe hicho kila mtu Dar es Salaam ana shahada.

BMW waliiweka kwenye 7 Series yao ya mwaka 2001, enzi hizo ikiwa anasa ya wakubwa. Sasa imeteremka mpaka kwenye magari ya mtumba tunayoagiza sisi wa mikopo ya SACCOS. Langu ni la Kijerumani. Lilifika na adabu zote, isipokuwa taa moja ya njano pale dashibodi iliyowaka na kuzimika kila nilipopita kwenye shimo. Shemeji yangu akasema nisihangaike, magari ya Ulaya ndivyo yanavyosalimia.

Likanisalimia vizuri juu ya pantoni. Tulikuwa tunavuka kutoka Magogoni kwenda Kigamboni, nimebonyeza kitufe, nimezima injini, nimetulia. Pantoni likagusa ng'ambo, lango likashuka, nikawasha na kubonyeza tena. Mota ya kushoto ikalia kidogo, ikaachia. Ya kulia kimya. Nikakanyaga mafuta, gari likainua pua, likakaa palepale.

"Achia handbreki, mama!" akapaza sauti mhudumu.

Nikamwambia nimeshaachia.

"Hujaachia hiyo! Vuta juu halafu shusha!"

Nikamwonyesha kitufe. Akakitazama kwa huruma, kisha akamwita mwenzake waje wakitazame pamoja. Nyuma yangu bajaji zinapiga honi, mwenye mkokoteni wa barafu analia mali yake inayeyuka. Mzee mmoja mwenye baiskeli akanishauri nizime kila kitu, nisome Bismillahi, nianze upya. Nikafanya hivyo, maana hakuna aliyekuwa na ushauri bora zaidi. Vijana wakajitolea kusukuma, huku wakipatana bei wao kwa wao.

Gurudumu halikutikisika, wala lisingetikisika. Ile mota ndogo nyuma ya kalipa huzungusha skrubu inayobana breki pedi, na skrubu ikishabana haihitaji tena umeme. Chomoa betri, itupe baharini, breki itabaki imeshika. Ndivyo ilivyokusudiwa, gari lisije likateremka lenyewe betri ikiisha. Mhandisi aliyekusudia hivyo hajawahi kupanda pantoni saa kumi na moja jioni.

Bahati yangu, gari huvutwa na magurudumu ya mbele. Nilishuka nikiburuza, tairi la nyuma kulia likipiga kelele na kuchora mstari mweusi mpaka nje ya geti. Watu wakapiga makofi.

Fundi wa kwanza alifungua boliti mbili, akaitoa mota, akairudisha skrubu kwa mkono. Gurudumu likawa huru. Hapo nilimheshimu. Kisha akachomeka mashine, akaisoma kwa sauti ya hakimu: saketi ya mota ya kulia imekatika. "Madam, mota imekufa." Shemeji akaruka mpaka Gerezani, akarudi na mota kwa bei anayonikumbusha mpaka leo kwenye vikao vya familia. Ikafungwa. Kabla hatujatoka uani, taa ya njano hiyo, imewaka.

Wa pili alifuta kosa kwenye kompyuta, taa ikazimika, akachukua chake akaaga haraka mno. Wa tatu akaishuku betri, na simlaumu, kwa sababu breki hizi hazipendi betri dhaifu. Ikapimwa: volti 12.6 gari likiwa limezimwa, zaidi ya 14 injini ikiunguruma. Betri ikaachiwa huru. Fyuzi nayo, ya ampea 30, ikakutwa nzima.

Shida yangu na ile mashine ni kwamba watu wanaiamini kuliko inavyojiamini yenyewe. Haiioni mota. Kompyuta ya breki hutuma umeme, isipopata jibu inaandika saketi imekatika, basi. Imetaja mtaa, haijataja nyumba. Katika mtaa huo kuna mota, kuna plagi, kuna pini, na kuna waya mrefu ambao hakuna anayeushuku kwa sababu hauna spea inayouzwa.

Aliyeushuku ni mzee mmoja fundi umeme, ofisi yake chini ya mwembe hukohuko Kigamboni, na kipimo chake ni taa ya indiketa ya wati 21 iliyoungwa nyaya mbili. Nikamweleza kwamba wenzake walipima kwa mita kwenye plagi ya mota wakakuta volti 12, kwa hiyo umeme unafika.

"Mwanangu, mita haili umeme," akasema. "Mpe anayekula."

Akaunga taa palepale kwenye plagi, mita akaiacha ining'inie pembeni. Nikabonyeza kitufe. Taa ikawa nyekundu ya kuonea haya, na mita ikaporomoka chini ya 4. Waya ulikuwa na nguvu ya kuidanganya mita, hauna nguvu ya kulisha hata taa, sembuse mota. Akaupapasa kwa vidole pale unapotoka bodi kwenda kwenye gurudumu, panapopinda kila gari linaporuka shimo. Mpira wa juu ulikuwa mzima. Alipouchana, shaba ndani imegeuka kijani kwa chumvi ya bahari, na nyuzi karibu zote zimekatika. Akaweka kipande kipya cha waya laini, akakiunga kwa lehemu, akauachia ulegevu kidogo upate kupinda bila kuvutika. Kisha akairudisha mota yangu ya zamani, ile marehemu. Ikalia, ikabana, ikaachia.

Kwa hiyo mota ya Gerezani ipo, nzima kabisa, ya nyuma kulia, na shemeji anataka hela yake. Kama umeambiwa na mashine tu kwamba yako imekufa, usinitafute. Anza na taa ya indiketa. Kama imekufa kweli, njoo tupatane.