Korosho za Hajjati

"Mwanangu, nitolee hizo korosho tu. Mengine yabaki."

Maneno hayo niliambiwa juzi kwenye duka la kanga Mtaa wa Uhuru, na mpaka sasa masikio yanawaka. Hajjati, mwenye duka, hakuomba makubwa. Alizichukia korosho nane nilizozipanga katikati ya mji wa kanga, akataka zibaki zile nukta za njano zilizo chini yake. Nikagusa kioo cha tableti. Nikagusa tena. Nikajikohoza. Korosho, nukta, pindo na jina vilikuwa vimeshikamana kama wali wa jana. Hajjati akavaa miwani, akachukua biro, akageuza risiti na kuchora kanga nzima isiyo na korosho, mteja mwingine akiwa bado anahesabu chenji.

"Si hivi tu?"

Ndiyo, Hajjati. Hivi tu.

Shida yangu inaitwa tabaka. Kwenye programu ya kuchorea, kila tabaka ni kama karatasi ya nailoni inayoonyesha: pindo unalichora kwenye moja, nukta kwenye nyingine, korosho juu yao. Ukiichomoa ya korosho, nukta unazikuta pale pale. Na wachapaji wa kanga wanafanya hivyo tangu zamani, maana kiwandani kila rangi hupitishwa kwenye skrini yake, nyekundu kwanza kisha nyeusi, mpaka kitambaa kikamilike. Siku nilipoling'amua hilo nilimwamsha mke wangu kumweleza. Hakufurahi.

Ila tabaka linakula kumbukumbu. Kanga ina kama sentimita 150 kwa 110. Ichore kwa nukta 150 kila inchi, unapata nukta zaidi ya milioni 57. Kila nukta inataka baiti 4, tatu za rangi na moja ya kusema inaonyesha kiasi gani. Zidisha: tabaka moja lililojaa ni kama MB 230! Tableti yangu ina RAM ya GB 2, na sehemu kubwa inaliwa na mfumo wenyewe kabla sijashika kalamu. Nikaruhusiwa matabaka matatu. Nikaunganisha kila kitu, nikijiambia Hajjati hatabadili mawazo.

Kwenye boksi la tableti hiyo imeandikwa GB 8. Winga, dalali wa madukani, alinidaka Mtaa wa Msimbazi, akanivuta mpaka kwenye fremu moja ya Mtaa wa Aggrey: "Kaka, hii RAM nane, kazi zako zitakimbia." Nilipomrudia wiki ya pili, fremu ile ilikuwa inauza mabegi ya shule.

Programu nazo? Procreate unainunua mara moja tu, dola 12.99, ukimaliza umemaliza. Lakini inataka iPad, na bei ya iPad ni sawa na kuambiwa nauli ni bure ila jahazi ununue mwenyewe. Krita ni ya bure kabisa na kwenye Android ipo, ila hakuna programu inayogeuza GB 2 kuwa 8. Zinazobaki nyingi zinadai ada ya kila mwezi, kwa dola. Shilingi ikiteleza, ada inapanda bila kuongezewa hata brashi moja. Mimi nalipwa kwa shilingi, mzigo ukishatoka, na kuna wateja wanaonilipa kwa "utajulikana, kaka". Nimejulikana miaka sita sasa. Mwenye nyumba hapokei.

Nilikuwa na nyingine ya bure, yenye matangazo; niliifuta siku tangazo la kubeti lilipopaza sauti, Hajjati akiwa anaswali adhuhuri nyuma ya pazia.

Kabla ya hapo nilisahau kuzima zana yake ya ulinganifu, inayorudia mchoro upande wa pili kama kioo, jina la kanga likatoka kinyumenyume kama neno la mbele ya gari la wagonjwa.

Basi nimeipiga picha ile risiti, naifuatisha upya, tabaka kwa tabaka. Leo asubuhi simu ikaita. Hajjati. Wifi yake kafika kutoka Mtwara, kaiona risiti, kauliza korosho ziko wapi.