Sifa za Fomu ya Cheltenham

Washairi wetu wamesifu masultani, wamesifu majahazi, wamesifu hata tambuu. Fomu bado haijapata wa kuisifu. Basi mimi, mkazi wa Birmingham na mjomba wa kijana anayeutaka udaktari, najitokeza kuisifu fomu ya UCAS, wenye makao yao Cheltenham, ambao maombi ya karibu vyuo vyote vya Uingereza hupitia mikononi mwao.

Kwanza, inajua saa. Huku Small Heath kadi ya arusi ikisema saa 1 jioni, biriani huteremka saa 4, wala hakuna anayenuna. Fomu hii, kwa waombaji wa udaktari, hufungwa tarehe 15 Oktoba saa 12 jioni, na haina habari na intaneti iliyokwama wala shangazi aliyefiwa. Dada yangu, ambaye hajapata kumtangulia bwana arusi ukumbini, siku hiyo alikuwa mezani tangu saa 9 mchana, miwani puani. Sheikh alimhimiza miaka mingi, hakufua dafu.

Pili, inapunguza tamaa. Ina nafasi tano, na dada alitaka zote tano ziwe udaktari: Chuo Kikuu cha Birmingham, pale Edgbaston, ili mtoto ale nyumbani, Aston, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 2018, ili mtoto ale nyumbani, na vitatu vya mbali endapo Mungu amependa. Fomu ikagoma. Udaktari mwisho vyuo vinne. Nafasi ya tano, ukiitaka, iwe kitu kingine. Ndipo ukoo mzima ulipogundua kuwa duniani kuna kazi nyingine. Kikao kikakaa kwenye WhatsApp, Mombasa mpaka Muscat, na usiku wa manane kikapitisha famasia, kwa sharti bibi asiambiwe.

Tena inaona yajayo. Mwalimu hutabiri alama za mtihani ambao mtoto hajaufanya, chuo huahidi nafasi kwa utabiri huo, kisha wote husubiri Agosti. Mpiga ramli akifanya hivyo kwetu huitwa tapeli. Na wanaoibeza wakumbuke Tanzania: tume ya vyuo vikuu ya huko, TCU, ilikuwa na mfumo wake wa pamoja wa maombi tangu 2010, ukaondolewa 2017, na mwombaji akarudi kubisha hodi chuo kwa chuo, ada kwa ada.

Lakini fadhila yake kubwa ni maelezo binafsi. Herufi 4,000, nafasi tupu zikiwemo; siku hizi yamegawanywa katika maswali matatu, ila kipimo ni kile kile. Sisi ni watu ambao salamu tu huzimaliza hizo, hatujafika kwenye hali ya ng'ombe. Humo kijana aeleze kwa nini anataka kutibu watu, na aeleze kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuieleza. Mwaka 2007 UCAS walipochunguza maelezo 50,000 kwa kompyuta, waliwakuta waombaji 234 walioeleza jinsi walivyotoboa pajama kwa moto wakiwa na miaka minane, na 175 wenye babu mzee au mgonjwa. Wengine waliita wizi. Mimi nasema ni umoja: ni taasisi gani nyingine imewahi kuwakutanisha wajukuu 175 kwa babu mmoja?

Mpwa wangu naye ana babu mgonjwa. Ni baba yetu sisi, yuko Lamu, ana sukari, na mguu wake ulifungwa bandeji na kijana huyu huyu likizo nzima. Aliyaandika vizuri sana, mpaka jina la dawa ya kuoshea kidonda. Mwalimu akasoma, akatikisa kichwa: hadithi za babu wamezichoka. Mistari ikafutwa, mahali pake pakaingia neno "ustahimilivu" na siku chache za kujitolea katika nyumba ya wazee wasio wetu.

Jioni ya tarehe 15 babu alipiga simu kuuliza kama ametajwa. Dada akamwambia ndiyo, na fomu inamsalimu.